Mawe Matatu

Mwaka wa kipaimara, kule Lukuledi,
tulijibu kwa pamoja, "Tunamkataa!"
shetani na fahari zake zote,
na mimi nikapaza kumshinda Mpokwa,
hali nyumbani, ndani ya gunia la korosho,
nimezika mawe matatu.

Askofu alinipaka mafuta pajini.
Yakanukia hadi usiku.
Sikuona malaika, wala sikuitwa jina;
nilisikia panya, na baba akikohoa.
Nikatwaa shazia, nikafumua gunia,
nikazamisha mkono hadi begani,
nikapapasa
jiwe,
jiwe,
la tatu likakataa kuonekana,
nikalitafuta huku nikisali vibaya,
nikichanganya Baba Yetu na Salamu Maria.

Asubuhi, kwenye mizani ya chama,
kilo nne pungufu ya makadirio ya baba.
Akanitazama.
"Zimekauka," akasema. "Jua la Oktoba hili."
Nikaitikia kwa kichwa.

Kweli yenyewe niliimaliza miaka miwili baadaye,
tukipalilia, yeye mbele, mimi nyuma.
Hakugeuka. Jembe lake tu lilisita
kidogo.

Mawe bado yapo. Mama aliyaokota uani
bila kuuliza:
yameshikilia mtungi wa maji
usiyumbe.