Ofu

Neno la kwanza nililopewa Sohar
halikuwa karibu.
Mama Thuraya alinyoosha kidole kwenye swichi:
taa, ofu. Kiyoyozi, ofu.
Jiko, ofu. Viatu, hapo mlangoni, ofu.
Nikadhani ni jina la ukoo,
kila kitu ndani ya nyumba ile kinalitumia.

Wiki ya pili Dilrukshi, mpishi wa jirani,
alichungulia juu ya ukuta, akanusa maziwa yangu,
akakunja pua: ofu.
Nikatafuta swichi ya maziwa.

Sokoni bango jekundu kama ulimi:
mabirika, nusu bei ofu.
Kwa fundi cherehani, kitambaa cha dishdasha ya bwana:
si cheupe, si cha rangi ya krimu,
ofu-waiti, akasema, na akaapa.
Mimi niliona weupe uliochoka,
weupe uliofuliwa na mtu mwenye mawazo.
Ijumaa, duka la dawa, ofu.
Na Shafiqul dereva, akimtaja yule fundi umeme
anayezisalimia nyaya kabla hajazikata,
aligonga utosi kwa kidole: ofu kidogo.

Bi Muzna, mama yake bwana, kazaliwa Wete,
na Kiswahili chake hakijabadili nguo
tangu mwaka ule ambao mezani hautajwi.
Aliniita barazani, tende mkononi.
"Nyamvula. Wewe jina lako mvua,
langu mie wingu la mvua,
na tazama mji ulivyokauka.
Hebu nambie, hiyo ofu mnayopigiana kelele kutwa
ndiyo kitu gani?"
Nikamhesabia: ya taa, ya viatu, ya maziwa,
ya bei, ya rangi, ya Ijumaa, ya utosi.
Akatafuna taratibu. Akatema kokwa kiganjani.
"Kwetu lilikuwepo. Lilikuwa na H mbele.
Hawa wameidondosha njiani."

Nilicheka hadi kahawa ikamwagika.

Kisha ikaja zamu yangu kuliomba.
Siku kumi tu, mama. Mejumaa wangu anaolewa,
sendofu yake ni baada ya Maulidi.
(Sendofu. Humo nako limo, limejibanza mkiani
kama mjusi nyuma ya saa ya ukutani.)
Nilisimama kando ya friji, vidole ndani ya aproni,
na ile H iliyodondoka njiani
ilikuwa kooni mwangu, nzima.

Mama Thuraya hakukasirika.
Alisema mkataba. Alisema mwakani, inshallah.
Alisema pasi yako iko ofisini,
na hata hapo nikasikia linapiga hodi.
Akafunga kabati.
"Taa, ofu. Kalale."

Jumamosi ya sendofu nilikuwa napiga pasi.
Simu niliiegemeza kwenye kopo la chumvi.
Ukumbi wa Duga, mapambo ya zambarau,
mwanangu shingo ndefu, mrefu kuliko nilivyomwacha,
na kipaza sauti kikiunguruma:
"Mama mzazi wa bibi harusi, tafadhali asimame!"
Akasimama dada yangu Mwakombo.
Alipendeza. Watu walipiga vigelegele.
Alikuwa amevaa gauni nililolituma mimi.

Chaji ilikuwepo. Mtandao ulikuwepo.
Nikaizima kwa mkono wangu.

Bi Muzna akaja kutia maji ya udhu,
akaniona nimeshika shati moja tangu magharibi.
"Nyamvula, u mzima?"
"Mzima, bibi."
"Na simu?"
"Imezima."
Alinitazama, akaonja yale maneno mawili
kama mtu aliyeuziwa tende za aina moja
kwa bei mbili.
Hakusema lolote. Akavuta kiti cha plastiki,
akakunja shati jingine, vibaya, mikono ikitetemeka,
akakunja na la pili.

Taa ya jikoni iliwaka mpaka alfajiri.
Nilisikia mlango wa Mama Thuraya ukifunguka,
nyayo mbili, tatu,
kisha ukafungwa tena polepole.