Ukucha

Buti za shamba hunywa mvua ya Mufindi tangu alfajiri;
humo nyayo zangu huiva kama viazi chunguni.
Ukucha wa dole gumba ukawa rangi ya chai iliyolala.

Zahanati, Bi Luhwago hakunipa dawa upesi.
Ini? Mimba? Vidonge gani vingine
umevifunga kwenye pindo la kanga?
Nikavitaja vya uzazi wa mpango, kwa sauti ndogo.
Akaandika. "Hivyo peke yake havitakulinda sasa."

Kimoja kwa siku, na chakula chenye mafuta.
Basi nusu parachichi, chumvi kidogo, kila jioni.

Wiki ya tatu muwasho ukakata,
nami nikataka kukata dozi.
"Huo ulikuwa moshi, mama.
Moto uko chini ya ukucha."

Na huu ndio msimu wa ulanzi!
Mianzi inadondosha utamu usiku kucha,
shemeji Kivamba anabisha na kibuyu, "Kamwene!"
Nanusa. Narudisha kikombe.
Mkojo ukiwa mweusi, macho ya manjano,
nimeambiwa nisingoje kupambazuke.

Jirani aliomba viwili, mwanawe ana mapunye.
Sikumpa. Alininunia hadi mlangoni kwa Bi Luhwago,
tukitembea kwenye ukungu, mtoto mgongoni.

Leo, mwezi wa nne, nimevua buti.
Kwenye shina la ukucha
pamechomoza ukingo mwembamba, safi.
Miaka kumi na moja nachuma chai:
chipukizi halivutwi.

Kesho ni kidonge cha mia na kumi.
Parachichi limeiva upande mmoja.