Mizani Tisa

Saa kumi na mbili asubuhi, Hull.
Bafu bado limeshika baridi ya usiku.
Mizani ya kioo niliyoinunua pauni kumi na nane
inawaka buluu, na kabla haijanipima
inauliza: ME au KE.

Nikibonyeza ME, mafuta ni asilimia kumi na tisa nukta nne.
Nikibonyeza KE, ishirini na saba nukta nane.
Nyayo ni zilezile. Maji niliyokunywa ni yaleyale.
Kati ya kitufe na kitufe nimenenepa
kama niliyekula sikukuu tatu mfululizo.

Barua ya daktari wa upasuaji
iko mlangoni pa jokofu, chini ya sumaku ya pweza.
Anataka nipungue. Hakusema nipungue nini.
Kiwandani nabeba fremu za nyumba za magurudumu,
mabega haya hayajaenda popote;
tumbo ndilo limehama. Mwaka wa tatu huu wa viraka vya estrojeni
limekuwa likishukia nyongani
kama mpangaji anayehamisha vyombo usiku
mwenye nyumba asisikie.

Chuoni walitafuta watu wa kupimwa, nikaenda.
Imogen, koleo la plastiki mkononi, akasoma karatasi yake:
mwanamume hufinywa kifua, tumbo, paja;
mwanamke nyuma ya mkono, juu ya nyonga, paja.
Akasita, koleo likining'inia hewani.
"Anza na paja," nikamwambia,
"hapo angalau wamekubaliana."
Alicheka. Vidole vyake vilikuwa barafu.
Akafinya mahali patano, akajaza safu mbili,
kisha akasema kweli: kanuni zote mbili
zilitungwa kwa miili ya watu wengine.
Shika moja, usiibadilishe, tazama inakoelekea.

Ndani ya basi nikatafuta ya katikati:
ishirini na tatu nukta sita.
Hakuna mtu anayeishi hapo.

Shuleni Tanga, Mwalimu Semboja
alihesabu mizani za mashairi yetu kwa kugonga dawati,
nane kwa nane. Kinachozidi, wino mwekundu.
Jana usiku, baada ya miaka mingi, nikajaribu tena:

*Nimepanda juu yako, mizani nipe hesabu,*
*nyayo zangu mbele yako, usinifanye ajabu,*
*siulizi jinsi yako, mbona wataka jawabu?*

Wa nne ukagoma.

Na leo, taulo mabegani, simu inatetemeka juu ya sinki.
Mwanaidi. Dada yangu. Miaka miwili hakuniandikia neno.
*Harusi Desemba. Sare ni zambarau.*
*Nitumie vipimo vya gauni.*

Gauni.
Nimesoma mara tano, kioo kikipata ukungu.

Futi ya fundi imo kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo.
Haiulizi kitu. Inazunguka, inarudi ilikoanzia,
inataja inchi zake na kunyamaza:
kifua arobaini na moja,
kiuno thelathini na tano,
nyonga arobaini na mbili.
Nikaziandika. Chini yake, bila kuutafuta, mstari wa nne:

*Dada, vipimo ni vyako, shona gauni taratibu.*

Nikauhesabu kwa kugonga ukingo wa sinki.
Kipande cha pili kina mizani tisa.
Mwalimu angekata.

Nimeutuma hivyo hivyo.
Nimechelewa kazini.