Fundi Bomba Apimwa Presha

Julai, Matamba. Jalidi imeunguza majani ya viazi.
Nimekaa kwenye benchi la zahanati, mkono wa kushoto wazi,
na Sista Atuganile ananizungushia kitambaa
kama ninavyozungushia mpira bomba lililopasuka.

Anaminya puto. Kitambaa kinavimba, kinabana,
vidole vinaingia ganzi.
Kisha analegeza, kidogo, kidogo,
anasikiliza kitu ambacho mimi mwenye mkono sikisikii.

Mia sabini na nane, anasema. Chini, mia na sita.
Anaandika kwenye daftari la mjukuu wangu,
lile lenye tebo nyuma.

Namba za presha nazijua.
Miaka ishirini na miwili nalinda bomba la kijiji,
kutoka chanzo cha juu, kwenye nyasi za Kitulo,
hadi kilula cha shule.
Maji yetu hayana injini, yanashuka kwa uzito wao.
Nikifunga geji bondeni, sindano inaruka:
mlima mzima umeingia kwenye kile kidude.

"Lakini mimi nina mteremko gani, Sista? Nimekaa."

Akaniwekea ngumi yake kifuani.
"Mlima wako huu. Unainuka na kulala
mara laki moja kwa siku.
Ukiinuka, ndiyo namba ya juu.
Ukilala, ndiyo ya chini, na hata hapo haifiki sifuri,
maana kuta za mishipa zinavutika:
zilipokea, sasa zinarudisha.
Au zilikuwa zinavutika, Baba Tweve. Zako zimekakamaa."

Mpira ulioachwa juani. Naujua.

Nikamkumbuka kaka yangu Yesaya, mpasua mbao wa Bulongwa,
aliyelala akitania, akaamka mdomo umelegea upande mmoja.
Tulisema karogwa. Mbuzi wawili walikwenda na maneno hayo.
Na mimi, fundi, nikanyamaza,
mimi ninayejua kwamba bomba halipasuki mchana
vilula vyote vikiwa wazi.
Hupasuka usiku, kijiji kimefunga koki,
maji yamesimama, na mlima hausinzii.

Kwetu mteremko ukizidi tunajenga tangi katikati,
maji yatoke hewani, yasahau yalikotoka, yaanze upya.
"Mwilini tangi hilo liko wapi?"

"Halipo," akasema. "Kuna vijimishipa vyembamba, maelfu,
vinavyojibana na kujiachia bila kukuuliza.
Mbele yake kuna vyembamba zaidi,
seli zinapita moja moja, kondoo kwenye daraja la gogo.
Na kuna figo mbili zinazoamua maji yabaki kiasi gani.
Chumvi unayomwagia viazi kabla hujaonja
ndiyo inayozidanganya."

"Na ya miguuni? Inapandaje?"

"Ukikwea Kitulo, shavu la mguu linaikamua,
na vilango vinajifunga nyuma yake isiteremke."

Kumbe nimekuwa pampu miaka yote, bila posho.

Nikaomba nisikilize. Akanitia vile vipira masikioni,
akaminya puto upya.
Kimya.
Halafu, kama mtu anayegonga bomba kwa spana
ng'ambo ya korongo:
du.
Du. Du.
Nikaanza kumpenda yule mtu.
Akafifia. Akapotea.

"Sista! Imekata!"

"Haijakata. Inagonga ikiwa imebanwa.
Ikipata nafasi inapita tu, haina neno."

Nikatoka na vidonge kwenye bahasha ya kaki.
Kwenye kona, kilula kilikuwa kinavuma,
koki imefunguliwa robo.
Nikaifungua yote. Uvumi ukaisha.
Ndoo ya Tulizo ikafurika, maji yakamwingia viatuni,
naye akanitukana kwa Kikinga, taratibu,
hadi kizazi cha babu.