Mpango wa Jumamosi

Ramani tumeichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
Mukono, Namawojjolo, halafu Mabira;
kisha kurudi, kukata kusini hadi Katosi
barabara inakoishia majini.

Bogoya amelala juu ya Lugazi. Hatumwamshi.

Kivumbi anahesabu: mafuta, muhogo,
dumu la maji, kadi ya chanjo,
gunia kuukuu la kiti cha nyuma,
maana mbwa huyu hutapika kabla ya kona ya tatu.
"Namawojjolo tufunge madirisha," nasema,
"kuku wa kuchoma watamtia wazimu."
"Watanitia mimi."

Jioni mlinzi wa msitu kapiga simu:
mbwa haingii.
Chai ikapoa.

"Basi tuugawane," Kivumbi akasema.
"Wewe njia ya kushoto, mimi nibaki naye getini.
Ukirudi, nishike ya kulia."

Atatunusa viatu, kimoja kimoja,
kama karani mwenye barua mbili mezani:
tumbili, uyoga, majani yaliyooza, mvua ya juzi.
Sisi tutarudi na nusu nusu.
Msitu mzima atakuwa nao yeye.

Na Katosi?
Ziwa halina geti.
Magunia tuchukue mawili.