Paa la Kuficha

Machi haijafika katikati
na tayari nalijua paa langu kwa sauti.
Beseni la chumbani kwa Lugano linasema to, to.
Sufuria ya pilau, sebuleni, inajibu ting'.
Ndoo ya kwenye korido ikishajaa hunyamaza,
na kimya chake ndicho kinachoniamsha.

Nilikuwa nesi miaka thelathini na miwili,
wodi ya wazazi, zamu za usiku.
Kimya nakijua.

Kiinua mgongo changu kiko juu hapo:
bati geji thelathini, ingawa risiti inasema ishirini na nane,
juu ya mbao za Mafinga
zilizopigwa misumari zingali zinatoka utomvu.
Zilikaukia kazini.
Zikajipinda taratibu, kama mtu
aliyesikia jina lake likitajwa nyuma yake.

"Mama, siku hizi paa halionyeshwi,"
alisema fundi Ambwene, akafungua simu,
akanipitisha kwenye nyumba za nchi zenye jua:
kuta zimepanda, bati limejificha ndani
kama noti kwenye pindo la kanga.
Nikapenda. Nisiseme uongo, nilipenda.
Huku Itezi kila mtu alikuwa akipenda,
na hakuna aliyeuliza maji yatatokea wapi
katika mji ambao mvua huingia Novemba na begi lake
na kuaga Mei, tena kwa kusukumwa.

Nyumba ya bibi, Tukuyu, ilikuwa mianzi na nyasi.
Paa limesimama mteremko mkali,
likijikung'uta mvua kama mbuzi.
Haikuwa na mhuri wa mtu.

Mkaguzi alikuja. Haki yake nimpe: alikuja.
Pikipiki moja, kata tisa, fomu ya mistari kumi na minne.
"Ngazi ipo?"
Ngazi ilikuwa kwa Mwasomola, anachumia parachichi.
Basi akatazama juu
kama anayetafuta mwezi saa sita mchana.
Msingi, tiki. Lenta, tiki.
Kwenye paa kalamu ikagoma.
Akaipulizia, akaisugua kiganjani, akamalizia.
Mimi ndiye niliyemchemshia chai.

Wahenga walituusia tuzibe ufa.
Ufa ulio kwenye mchoro unazibwa na nini,
hilo hawakuacha neno.

Nilikwenda halmashauri mara nne.
Dirisha la pili, dirisha la tano, rudi Alhamisi.
Binti mmoja mpole akalitafuta faili,
akalifuta vumbi. Vumbi! Kavu kabisa.
Akasoma, akainua macho, akaniambia kwa upole
uliotaka kunitoa machozi:
"Lakini mama, humu nyumba yako haivuji."

Ambwene yuko Tunduma, anajenga.
Simu yake huita mpaka inachoka.
Ukungu umechora ukutani kwangu ramani
ya nchi nisiyoijua, na kila wiki inateka jimbo.
Mwasomola naye kaanza kununua mabeseni.
Tunasalimiana kwa hayo: "Umeamka na mangapi?"

Jana Lugano alirudi na swali la shule:
taja kazi tatu za paa.
Akaandika, kuzuia jua.
Akaandika, kupendezesha nyumba.
Kisha akaweka kalamu mezani,
akanitazama kidogo,
akaenda kumwaga ndoo.