Nusu ya Nusu

Nyumbani kwetu Wadi Kabir, baba alikuwa na kanuni mbili.
Moja ilikuwa na nyuzi sabini na nane, ikilala juu ya kabati.
Nyingine haikuwa na uzi hata mmoja:
muziki wetu haupiti mlangoni.
Mchana aliandika barua za Wizara, mwandiko kama tarizi;
magharibi ikipita, akaegemeza godoro dirishani
na sote tukakaa kitako.

Mama Ghaniya na fidla, kidevu kimeota sugu.
Bibi Rayya na rika yake, iliyotoka naye Unguja
ndani ya sufuria, sufuria ndani ya shuka,
akitukosoa kwa Kiswahili, akiwasalimu majirani kwa Kiarabu.
Mimi Mungu alinipa masikio mawili, sikio hakunipa.
Nikawekwa mlangoni, nikohoe akija mgeni.

Dada yangu Shinuna, miaka sita, hakuimba nao.
Aliimba na kiyoyozi.
Kile kizee cha mkopo, kilichonguruma sauti moja Mei hadi Oktoba,
naye akiipanda, akiishuka, akiizunguka
kama paka na mguu wa meza,
hata baba akazilaza nyuzi kwa kiganja:
"Msikilizeni. Anakaa kwenye nusu ya nusu."
Akamwonesha vijiwiko vya shaba pembeni mwa kanuni,
vinavyokata sauti vipande ambavyo piano haina pa kuviweka.
"Kati ya kibao cheupe na cheusi pana chumba, mwanangu.
Wengine wamekifunga. Sisi tunalala humo."

Jazi ililetwa na Bwana Furtado, Mgoa wa Ruwi,
fundi wa piano za mahoteli,
ndani ya kaseti isiyo na jina, utepe umetafunwa katikati.
Mwanamke wa mbali sana, anabisha mlango wa chumba kile kile.
Bibi akasikiliza, rika mapajani:
"Huyu kafiwa. Lakini hataki pole."
Shinuna aliuliza watu hawa walifikaje huko,
na walitokea pwani ipi.
Mama akaenda kutazama wali.
Babu wa babu yetu aliuza nini, nyumbani kwetu haikuulizwa.

Miaka ishirini na mitatu, hoteli ya Qurum ikamwita.
Baba hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alisema, "Kanuni unaijua."
Akajibu, "Naijua, uzi kwa uzi,"
akavaa viatu.

Mimi nilikuwa fundi wa viyoyozi, ningekuwa nini kingine?
Usiku mmoja wa Julai, nyuma ya hoteli ile ile,
karibu na mapipa ya taka,
nikaiona Corolla nyeupe, vioo vimeshushwa, injini imezimwa,
na joto lile la kuchemsha lami.
Kofia yake niliitambua kwa upande.
Nikafungua mlango wa jikoni, nikauegemeza kwa debe la samli.
Sauti ikatoka, imenukia vitunguu.
Sikukohoa.

Alhamisi ngapi, sikumbuki. Debe lilibonyea.

Baadaye Manama, Doha, Dubai,
mabango yaliyokosea jina lake kila moja kwa namna yake,
mpiga ngoma aliyemwacha uwanja wa ndege na bili,
mwaka mzima wa koo bovu, akinywa tangawizi na kufundisha hesabu.
Baba akafa bila kutaja maegesho yale.
Mimi nami sikuyataja, mpaka tanga lilipokwisha.
Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji ya miaka kumi.

Jana kanipigia: "Kile kizee kimeshuka. Njoo."
Nikabeba spana na gesi.
Nimemkuta chini yake, kanzu ya baba mabegani,
kanuni mapajani, yeye asiyejua kuipiga,
anainua kijiwiko kimoja, anakilaza, anakiinua,
anaitafuta ile ngurumo ilipohamia.
"Usikiguse kwanza," kasema.

Jasho linanitoka. Nimekaa pale pale, mlangoni.